Gari Uani kwa Sikuzani

Jumapili, 21 Juni 1953

Tumemzika juzi. Leo ndiyo nimepata nguvu ya kushika kalamu. Mwalimu wa misheni aliyenifukuza darasa la pili alisema sitaandika jambo la maana maisha yangu yote. Basi hili hapa — Sikuzani amekufa. Homa tu. Kwisha.

Watu wamejaa uani, wanakula. Wanaume wameegemea gari langu, wanafutia mchuzi kwenye bodi. Nimewaacha. Na Bi Mdogo naye amefiwa.

Bi Mdogo ndilo gari. Jina alilitoa Sikuzani mwenyewe, siku trekta la Mpango wa Karanga lilipoliburura mpaka hapa. Alisimama mlangoni, akalitazama, akasema kumbe umeoa. Gari la mbio, la watu wawili, halina paa, limetengenezwa kabla ya vita. Mwenyewe, Mzungu wa karanga tuliyemwita Bwana Kiroboto, alikuwa akilikimbiza uwanja wa ndege kila Jumapili, wenzake wako kanisani. Karanga zilipokataa na Wazungu wakafunga mizigo, lilikuwa limeshakufa. Akanipa mimi, niliyekuwa nikimpakia grisi mashine zake. Nilipewa maiti nikasema ahsante!

Mazikoni Saturnini aliniua. Huyu ni mtani wetu, seremala wa Mnero, Mkristo, hana haya. Alijifunga kanga ya marehemu, akapanda kiti cha kushoto, pale Sikuzani alipokuwa akikaa kumenya karanga kila jioni. Akaiga sauti yake ile ile: "Seleman, tunaondoka lini? Karanga zimeisha." Watu walicheka mpaka wakashikana. Nami nilicheka. Kisha nikashindwa kuacha, kikawa si kicheko tena.

Kabla hajashuka akafungua boneti, akachomoa rota — kile kidude cha kutosha kiganjani, kinachozunguka na kuzigawia plagi moto. Akakifunga kwenye kitambaa. Eti amekamata mali ya mfiwa, nilete jogoo ndipo anirudishie. Ndiyo kazi ya mtani, na mtani hakasirikiwi. Nikamwambia jogoo atakuja, ila sijui kitoweo atakuwa yeye au wewe.

Jumanne, 23 Juni

Isihaka amekuja na mkeka wake mwenyewe. Huyu ni mlamu wangu, kaka wa marehemu. Mtu akija kwako na mkeka wake, ujue maneno ni marefu.

Akaanza mbali, kwa babu zake. Nikamwambia fupisha, mlamu, babu zako nawafahamu. Basi. Uwanja wa ukoo wao. Nyumba ya ukoo wao. Mikorosho ya ukoo wao. Hata Fatu, binti yangu wa kumzaa, wa ukoo wao. Mimi nilikuja kuoa na shoka begani. Arobaini ikipita nirudi Likunja, kule Ruangwa, kwa dada yangu na shoka langu. Hakunitukana. Ni desturi, naijua tangu ujana wangu. Ila kijana anayekwenda kuoa haambiwi kwamba atazeekea mahali.

Nikauliza, na gari?

Akalizunguka. Akagonga tairi kwa kidole cha mguu. Akasema, "Mlamu, kitakachotoka kwa miguu yake ni chako. Kitakachobaki uani ni cha wenye uani."

Na kusukuma? Akasema hatakataza, ila ukoo wake wote viuno vinauma. Ukoo mzima! Nami mzee peke yangu, kutoka hapa mpaka Ruangwa, mchanga ule na milima ile.

Najua anachotaka. Matairi. Atashonesha katambuga za kijiji kizima, na kuku watalala kwenye viti.

Ijumaa, 26 Juni

Nilidhani shida ni rota peke yake. Leo nimemkagua Bi Mdogo kama anavyokaguliwa bibi harusi. Afadhali nisingemkagua.

Mchwa! Kumbe bodi lote la bati linashikiliwa na mbao kwa ndani. Mbao za Ulaya, laini, tamu. Nilibonyeza nguzo ya mlango kwa kidole, kidole kikazama mpaka kwenye pete. Gari linasimama kwa sababu ya rangi tu. Mimi mwenyewe vile vile.

Na Saturnini jogoo ameshamla. Nikasema sasa rota. Akajikuna. Akasema siku ile aliogopa kuipoteza, akaiweka mahali pa heshima: kwenye kikapu cha marehemu.

Nikaona giza. Jana wanawake wamefagia nyumba na kugawa vitu vya Sikuzani kwa ndugu zake. Kanga, vyungu, kinu. Kikapu kimekwenda Nandagala kwa mdogo wake, Mwanamvua. Na mali ya marehemu ikishagawiwa, mume haigusi wala haidai. Ni mwiko.

Saturnini akasema alitaka kunifurahisha. Nimefurahi sana.

Jumatano, 1 Julai

Nimetoka Nandagala. Nilipanda juu ya magunia ya ufuta kwenye lori la Mhindi, nimerudi mgongo si wangu.

Mwiko au si mwiko, nilikwenda. Mwanamvua akanikaribisha vizuri, akanipa maji, akalia kidogo kwa ajili ya dada yake. Amembeba mjukuu wake mgongoni, kitoto cha kike kinaanza meno. Akamshusha. Nikaiona. Rota yangu, shingoni mwa mtoto! Imeshonewa kitambaa, pembe ya shaba imetokeza.

Aliikuta ndani ya kikapu, imefungwa vizuri. Akajua ni hirizi ya dada yake. Mtoto alikuwa na degedege tangu mvua za masika, wamempeleka zahanati, wamempeleka kwa waganga. Tangu avae kile kidude hajashikwa hata mara moja.

Nikamweleza, hii si hirizi, ni kifaa cha injini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, kwani hirizi ni nini? Si kitu kidogo usichokijua kilichomo?"

Mimi mwenyewe sijui moto unapitaje humo ndani.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika shingoni mwa mtoto. Akanikamata kidole, akakitia mdomoni, akakitafuna kwa fizi. Nikauondoa mkono. Kama ningeichukua na usiku ule ashikwe? Hata mimi nisiyeamini ningeamini.

Mwanamvua akasema na jambo jingine, nisije nikalisikia kwa watu. Kaka yake Isihaka alitaka yeye amrithi dada yake, aolewe na mimi, hapo ningebaki uani bila neno. Amekataa. Hataki mume mwenye mke wa chuma. Nikamwambia nami simtaki, ana kelele kuliko injini. Tukakubaliana vizuri kuliko ndoa nyingi.

Lakini njiani, juu ya ufuta, nililia. Lori zima linanukia, na mimi nalia.

Jumamosi, 4 Julai

Sijagusa gari. Nimekaa tu kwenye kiti changu. Cha kushoto bado kina maganda ya karanga mikunjoni. Fatu alitaka kuyafagia, nikamfokea. Sijawahi kumfokea.

Jumatano, 8 Julai

Saturnini amefika na punda wa misheni, amebeba mbao za mninga. Hakusema samahani — mtani hana samahani. Alisema amekuja kuzika gari, kwa kuwa mwenye gari yu karibu, tutachimba moja tu. Nikajua anaumia.

Tumefungua bati lote. Mbao za mchwa tukazitia jikoni, hata kuwaka zimeshindwa. Yeye anapima kwa kamba, anatia alama kwa mkaa, anakata. Mimi nashika na kulaumu. Kuna pembe moja karibu na mlango, imepinda kama mbavu, ameichonga ikavunjika, ameichonga tena ikavunjika. Akatukana kwa Kimwera, mtu wa kanisa! Nikacheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

Jioni akatoa kipande cha mpingo mfukoni. Akauliza rota ilikuwaje. Nikamfinyangia kwa udongo. Atachonga ya mpingo, na shaba ya juu tutakata kwenye kitasa kibovu. Nikamwambia moto wa injini haujui mambo ya seremala. Akasema hata degedege haijui mambo ya injini, na imeondoka.

Jumatatu, 13 Julai

Haiwaki.

Bodi limepona, lazima niseme kweli. Mninga mtupu chini ya bati, milango inafunga ti! Bwana Kiroboto angeliona angelia. Viti nimevishonea ngozi ya mbuzi. Gia nimezitia mafuta ya ufuta, maana oili ya kweli hakuna, na sasa Bi Mdogo ananukia maandazi. Uzuri wote huo, na haiwaki. Nazungusha hendeli mpaka naona nyota. Inakohoa, inapiga chafya, inanyamaza. Hendeli ilirudi nyuma ikanipiga mkono, umevimba kama muhogo.

Mke wa Isihaka amepita na tenga lake la kuku. Akaliweka kwenye kiti cha kushoto, akaangalia, akalisogeza, akaangalia tena. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anapima tu, shemeji.

Anapima tu!

Ijumaa, 17 Julai

Baada ya swala ya Ijumaa watu waliniuliza habari za gari kabla ya kuniuliza habari zangu. Nikawajibu wote wawili hawajambo, wanasubiri kufa.

Usingizi sina. Sikuzani hakuwahi hata siku moja kukaa ndani ya gari hili likitembea. Kila jioni alikuwa anauliza tutafika Ruangwa lini, nami namwambia tumeshavuka mto, sasa tunapanda kilima, shika kikapu chako. Naye anashika! Mwanamke mzima. Anashika kikapu na kuinama kwenye kona.

Alhamisi, 23 Julai

IMEWAKA!

Saturnini alikuwa ameinama kwenye plagi, mimi kwenye hendeli. Ikapiga mlio kama bunduki, kuku wote wakapanda mikorosho, mke wa Isihaka akaangusha tenga. Ikanguruma! Ile sauti yake ya uwanja wa ndege. Saturnini akafanya ishara ya msalaba, nami nikasema Alhamdulillahi, Bi Mdogo akatupokea wote.

Kisha moshi. Harufu ya mpingo kuungua. Tukaizima.

Ilipopoa, rota ikapasuka katikati. Saturnini anayo nyingine, ameikausha juu ya moto na kuisugua nta. Lakini tumeelewa ugonjwa: ikishashika joto inazunguka tu, ila ukiizima inapopoa inapasuka. Na betri, la kuazima kwa fundi wa lori, limebaki na pumzi moja tu. Kwa hiyo siku ya safari ni kuiwasha mara moja na kwenda moja kwa moja mpaka Likunja. Hakuna kusimama kusalimia mtu.

Nimemweleza Isihaka haya yote. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka kujigamba. Alisikiliza vizuri sana.

Jumapili, 26 Julai

Fatu ameniambia nisiende. Nikamwambia aseme na mjomba wake. Akasema ameshasema. Mjomba alijibu nini? Akaendelea kupepeta mchele wa hitima.

Nimekwenda kaburini. Nimemwambia Sikuzani kwamba gari linawaka. Laiti ningeuona uso wake!

Jumanne, 28 Julai

Arobaini imesomwa. Pilau nzuri. Watu wameniaga kama mtu wa safari ya mbali, na Likunja ni hapo tu. Saturnini hakufanya mzaha hata mmoja, nikaogopa. Amefunga rota mpya. Petroli imo, ya kufika, si ya kuchezea.

Shoka langu nimelitia nyuma ya kiti.

Jumatano, 29 Julai

Naandika nimekaa ndani ya gari. Linanguruma. Herufi zinatetemeka, si mkono, ni injini. Nusu injini.

Liliwaka mara ya kwanza nilipozungusha hendeli. Watu wote wametoka, wamesimama mpaka njiani. Saturnini ameondoa mawe kwenye magurudumu. Nimetia gia. Mbele yangu uwanja umefagiwa, njia nyeupe, hakuna hata mbuzi.

Sijaondoka.

Sijui nimekaa muda gani. Kwanza nilijiambia injini ishike joto. Imeshashika. Kisha nikajiambia nitazame mikorosho, niliipanda mimi. Nimeshaitazama. Kaburi lipo nyuma yake, kutoka hapa linaonekana kidogo tu, udongo umeanza kuwa kama udongo mwingine. Nikitoka, nani atakuwa ananipa ruhusa ya kuja? Mgeni anapiga hodi.

Watu wameanza kukaa chini. Saturnini ananipungia mkono niende, niende. Machozi yanamtoka na anapunga.

Isihaka amekuja. Ameinama kwenye mlango wa gari, ameshika mninga. Amesema, "Mlamu, zima gari. Ingia ndani unywe uji. Nyumba haijakufukuza leo."

Nikamwuliza, na kesho?

Amesema uji unapoa.

Nikizima haliwaki tena. Anajua, nilimwambia mwenyewe. Namtazama usoni. Macho mekundu, ya mtu aliyelia, au ya moshi wa gari langu. Sijui ananihurumia mimi au anayahurumia matairi. Pengine yeye mwenyewe hajui.

Fatu amesimama mlangoni mwa nyumba na bakuli la uji, mvuke unatoka. Petroli inapungua, naisikia. Mguu wangu wa kushoto umekanyaga klachi, umeanza kutetemeka. Siuondoi. Isihaka bado ameshika mlango.