Damu ya mama inakumbuka Ebola tu

Rébecca, niko na kasirani sana.

Mama yangu iko ku oxygène tangu asubuyi. Wiki mbili zenye zilipita, tante Kaswera ndiye alimuita ku nyumba yabo ya Bulengera akalinde baba mukubwa Stanislas, mwenye iko na corona. Bila masque. Eti "ulishashinda Ebola, damu yako ilishazoea."

Ilishazoea nini?

Nikamuambia tante mbele ya docteur: damu ya mama inakumbuka Ebola, Ebola tu. Mutu mwenye alishapata corona ao vaccin yake, hata corona irudi na sura ingine, hata anticorps zingine, ile baaskari ba damu, ziikose, mwili unaweza kuitambua mbio, asizidiwe sana. Mais mama hakupataka ile vaccin wala ile ugonjwa. Mwili wake ungetambua nani?

Tante akarudilia tu: "Damu yake ilishazoea."

Nikamuuliza mama juu ya nini alikubali kuenda. Akasogeza ile masque ya oxygène kidogo.

"Tangu nitoke mu Ebola, mu ile nyumba ya Bulengera hakuna mwenye alikunywa mu kikombe nilishika. Safari hii balikunywa chai yangu bote."