Sauti Yako Niliyoifuta

Mama mkwe,

Nakuandikia hapa kwenye grupu, mbele ya watu wote, kwa sababu hapa ndipo nilipokufukuza. Najua kwa simu yako barua hii hutaiona. Binti yako yuko huko kwako wiki hii, yeye ndiye atakusomea. Nimemwomba asiitazame mpaka aketi mbele yako, na asiruke mstari, hata pale nitakapojisifu. Nitajisifu kidogo, unanijua. Mtu habadiliki kila kitu kwa barua moja.

Humu wamo wasiojua ilivyokuwa, kwa hivyo nivumilie nikiyataja unayoyajua. Hili ni grupu la maswali ya kuku. Mtu anauliza, wanaojua wanajibu. Nililianzisha mimi, pale dukani kwangu Migori ninapouza chakula cha kuku, nikiwa nimeshatembea dunia: nimesukuma lori la miwa Awendo, nimeuza viatu Kampala, nimekaa Mombasa mpaka nikaanza kuita watu "yakhe". Mtu aliyetembea hivyo hakosi grupu lake. Wafugaji wakaingia, kutoka Sindo mpaka Ntimaru, nami nikawawekea sheria. Swali liwe mistari miwili. Taja umri wa kuku, dalili, na dawa uliyotoa. Sauti ndefu hapana. Hadithi hapana. "Kwa nini" moja inatosha. Anayevunja anatoka.

Wewe ukaingia, ukatuma sauti ndefu, nikaifuta. Ukatuma nyingine, nikakutoa. Kuku wako wakafa.

Hiyo ndiyo habari yote, fupi, kama nilivyokuwa nikipenda. Sasa wacha niianze upya kwa namna yako, maana kwa namna yangu aibu haionekani.

Siku ya kwanza nilipokuja kwenu Sindo kuposa, niliketishwa kile kiti cha mlangoni. Nilikuwa nimevaa suti ya kuazima na viatu vya Kampala, na wajomba wa binti yako walinitazama kama ng'ombe wa mnada. Kwetu Wajaluo, mkwe na maro wake, yaani mama mkwe, hawazoeani. Hatuli meza moja, hatutazamani usoni, hatupigi domo. Kwa hivyo ulibaki upande wa jikoni, ukuta katikati, mimi nikaletewa kuku. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshika paja, nikasikia sauti yako ikipita ukutani. Ulikuwa unawaambia wanawake wenzako, lakini uliipima inifikie.

"Huyo kuku anayeliwa huko, mama yake nilipewa na dada yangu, ule mwaka mvua ilibeba daraja. Alivushwa mto ndani ya kikapu, kichwani pa mtu, na akataga humo humo."

Ukaendelea. Ukaja kwa nyanya yake, ukaja kwa mwewe aliyemkosa. Nilikula kuku yule pamoja na ukoo wake wote. Nilipofika kwenye firigisi nilikuwa naijua familia ile kuliko ya kwangu. Mjomba mmoja akaninong'oneza, "Kula haraka, mkwe. Akimaliza huyo kabla yako, ataanza wa jogoo."

Nilicheka na ugali mdomoni. Tangu siku hiyo, Mama, uso wako naujua kwa mbali, kwa heshima. Sauti yako ndiyo ninayoijua hasa. Hilo nitalirudia.

Na ile siku nilipotea nikikuletea mabati ya jikoni? Nilipiga simu kuuliza ni kilomita ngapi kutoka barabara kubwa. Ukasema, "Kilomita sijui, mwanangu. Njoo mpaka pale Mama Adongo aliangusha omena, ukate upande ule omena ilimwagikia." Nilifura. Mimi, dereva wa lori, naelekezwa kwa samaki. Nikamuuliza mtu wa kwanza niliyemwona, akanyoosha kidole bila hata kufikiri. Kijiji kizima kilikuwa na ramani ile ile kichwani. Mgeni nilikuwa mimi.

Na mjukuu wako alipolia siku nzima bila kunyamaza, hukuuliza anaumwa wapi. Ulimwambia mama yake, "Anzeni Jumapili. Mlienda wapi, alikula nini, nani alimbeba." Tukasimulia kama watu walio kortini. Kufika Jumanne binti yako akajinyamazia mwenyewe. Alikuwa amekumbuka mafuta mapya ya kumpaka mtoto. Tukayaacha, mtoto akatulia. Hivyo ndivyo kichwa chako kinavyokwenda, Mama. Hakiruki. Kinatembea kwa miguu kutoka mwanzo, kinasalimia kila mtu njiani, na kinafika.

Nilijua hayo yote. Kama ningekuwa sikujui, ningejisamehe kidogo.

Siku uliyoingia grupu, namba ilikuwa mpya na picha ilikuwa ya maua. Nilibonyeza sauti yako nikiwa dukani, wateja wamejaa. "Wanangu, hamjambo nyote. Mimi nina shida ya kuku, lakini wacha nianzie kwenye mazishi. Tulikuwa tumemzika shemeji yangu, sasa tukirudi..." Nikaikata hapo. Nikaifuta, nikaandika: "Soma sheria. Mistari miwili."

Ukatuma ya pili, ya upole. "Nisamehe, baba. Hiyo mistari miwili siiwezi. Nikianzia katikati napotea. Naomba mnivumilie nianzie tu kwenye mazishi."

Mama, niliitambua sauti yako. Niliitambua pale pale ulipotamka "wanangu". Sauti iliyonisimulia ukoo wa kuku niliyekuwa nikimtafuna, ningeisahau vipi? Lakini siku hizo Mwita, mfugaji wa Ntimaru ambaye hapendi maneno mengi, alikuwa amenichokoza hapa mbele ya wote. "Admin, sheria zako ni za sisi Wakuria peke yetu. Watu wa kwenu wanapiga hadithi mpaka simu inazima, na unawaangalia tu." Watu walicheka. Mimi ninayechekesha wengine, kuchekwa siwezi. Basi nilipokusikia nikaona ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba mimi ni admin asiye na upendeleo. Nikaandika, na kila mtu aliona: "Humu hakuna mama mkwe, humu kuna sheria." Kisha nikakutoa.

Vicheko vikajaa. Mwita akatuma kidole gumba. Walidhani ni mzaha wangu wa kawaida. Hakuna aliyejua kwamba anayetolewa ni mama mkwe kweli. Mwita mwenyewe anajua leo, akisoma hapa. Tuliojua ni wawili tu, mimi na wewe, na wewe uliisoma, maana niliiandika kwanza ndipo nikakutoa.

Habari ya kuku niliipata mezani kwangu. Binti yako aliweka ugali, akaketi, akasema, "Mama anasema kuku wameisha."

"Wameisha vipi?"

"Kule mazishi alipewa jogoo. Akamweka na wake. Huyo jogoo alikuja akiwa mgonjwa. Ndiyo alikuwa anataka kuwaambia."

"Si angesema tu kuku wanasinzia?"

"Angesema hivyo, ungemjibu nini?"

Nikamega ugali. Ningemjibu dawa ya minyoo. Ningeijibu kwa mistari miwili safi kabisa, na jogoo angeendelea kulala nao banda moja. Jogoo alikuwa ndani ya mazishi. Ukiyatoa mazishi, unamtoa na jogoo. Mtu yeyote humu angekusikiliza mpaka mwisho angesema, Mama, hicho huenda ni kideri, mtenge huyo leo, na wale wazima tafuta wa kuwachanja. Labda wasingepona wote. Labda wangebaki wa mbegu.

Binti yako akaniuliza, "Na sauti yake hukuitambua?"

Nikasema sikuitambua. Alinitazama, akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza, akaenda kuosha vyombo.

Kwa hivyo huu mstari anaokusomea sasa, hata yeye anaupata sasa. Akinyamaza hapa, Mama, mpe muda. Usimharakishe. Ana haki ya kunikasirikia akiwa kwao.

Nikwambie na kitu kingine ambacho sijamwambia mtu, kwa sababu kinaniharibia jina. Zile sheria sikuzitunga. Kabla ya grupu hili niliingia lingine, la wasomi wa mifugo, watu wa Nairobi. Niliingia kwa mbwembwe, nikajitambulisha kama mfanyabiashara wa kimataifa, ile ya viatu. Nilikuwa na shida na vifaranga wangu, nikauliza, lakini nikaanzia kwenye safari niliyowanunua Isebania. Wakanitoa kabla hadithi yangu haijafika Isebania. Niliona haya mpaka nikafunga duka mapema. Unajua nilifanya nini baadaye? Nilinakili sheria zao, neno kwa neno, nikazileta hapa na kuziita zangu.

Shule niliachia kidato cha pili, hilo unalijua, uliuliza wakati wa posa na nikazungusha maneno. Huko darasani mwalimu alikuwa akiniambia, "Wewe, jibu swali, usitupeleke safari." Mimi ni mtu wa safari, Mama, kama wewe. Nikitumwa chumvi narudi na habari za soko lote. Nilijenga nyumba ambayo mimi mwenyewe siingii mlangoni, kisha nikajipa kazi ya kusimama hapo na rungu.

Hayo yote ningeweza kuyameza, na ningeendelea kuuza chakula na kupiga porojo. Kilichonivunja ni ujumbe wako wa juzi. Kila Agosti tunakuja na watoto, na kila Agosti unanichinjia. Safari hii ukampigia binti yako: "Waambie wasije kwanza. Sina kitu cha kumchinjia mkwe."

Hukusema umekasirika. Hukusema nilikutukana. Aliyekukosea ni mimi, na wewe ndiye unayeona haya kwa sababu sahani yangu itakuwa tupu. Nilitoka nje ya duka nikasimama kwenye magunia, mteja akadhani nalia kwa sababu ya vumbi la pumba. Nikamwacha adhani hivyo.

Ndipo nilipowauliza watu humu kuhusu sheria, bila kutaja jina lako. Nilitegemea Mwita angewaka. Akatuma sauti, yeye ambaye hatumi sauti. "Admin, mimi hadithi ikiwa ndefu inanichanganya, kichwa inauma kabisa. Si kiburi, ndivyo niko. Nipe dawa, nipe kipimo, nimeelewa. Lakini si lazima kila mtu awe na kichwa yangu. Wacha wazee waongee. Mtu mmoja asikilize yote, aniandikie chini kwa ufupi, mimi nitasoma hiyo." Kuna dada wa Awendo ambaye tangu aingie hajaandika neno, anatuma picha tu, banda, kinyesi, macho ya kuku, na sisi tunakisia. Yeye akatuma picha ya sikio. Tulicheka, lakini tulimwelewa kuliko Mwita.

Basi tumekubaliana. Mwita abaki na mistari yake miwili, hakuna atakayemlazimisha kukaa mazishini. Anayejua kwa picha alete picha na ajibiwe kwa picha. Wale wa "kwa nini" juu ya "kwa nini", ambao nilikuwa nawaambia wanatupotezea wakati, waulize mpaka washibe, wanaochoka wapite. Na anayeanzia mbali aanzie mbali. Mmoja wetu atasikiliza mpaka mwisho, ataandika kifupi chini yake, na mwenye hadithi atasema kama ndivyo alivyomaanisha au sivyo. Kufuta kabla ya kusikiliza, hapana tena. Wameuliza nani atakuwa akisikiliza zile ndefu. Nikasema ni mimi. Mwita akaniuliza, "Wewe? Wewe unayemaliza sentensi za watu?"

Mama, naomba kuja Jumapili, Sabato yako ikishapita. Nimechagua kuku wachache kutoka kwa wangu, wamechanjwa, nitawafunga vizuri garini. Usiwahesabu kama fidia. Wale wako walikuwa na ukoo, na ukoo haununuliki Migori. Hawa bado hawana habari yoyote, utawaanzishia wewe.

Usichinje kitu. Usiazime kuku kwa jirani ili nisijue, nitajua. Nipe chai, au nyoyo ya jana, mahindi na maharagwe tu, nitakula na kunyamaza, na kunyamaza kwangu unajua ni kazi. Nitaketi kiti kile kile cha mlangoni. Wewe kaa upande wa jikoni, ukuta katikati, tusivunje heshima zaidi ya nilivyokwisha kuivunja. Simu yangu nitamwachia binti yako nje.

Kama hutaki nije, mwambie yeye. Sitatuma mtu wa kukubembeleza. Lakini kama utanikubalia, basi usinifupishie. Ile sauti niliikata mkiwa njiani mnarudi, na mpaka leo sijasikia kutoka kwako mlirudi vipi, nani alikupa huyo jogoo, na ulimbeba kwa mkono gani.

Anzia kwenye mazishi.

Oriti, kwaheri, Mama.

Mkweo, wa kiti cha mlangoni