Mtani Wako wa Kitulo

Mume wangu Baba Tumaini,

Bora niandike kuliko nife na neno hili kifuani.

Miaka ile mitumba ilipoanza kuingia bila kificho, nawe ukapata nafuu ya biashara, ulinipeleka kwenu Makete nikaione Kitulo, mnakokuita Bustani ya Mungu. Mimi mwalimu wa Mbagala, nisiyejua baridi, nilivaa masweta mawili juu ya gauni na bado meno yaligongana.

Aliyetupokea huko juu ni Eda. Ukasema ni mtani wako, koo zenu zinataniana tangu enzi za mababu. Akanitazama viatu, akacheka.

"Mke mdogo, huyu mume nimekuazima tu. Baridi ikikushinda, mrudishe."

Nami nilicheka. Sisi Wazaramo utani tunaujua.

Mkatangulia kwenye maua. Yalitanda mlima mzima, ya njano, ya zambarau, mengine madogo kama ukucha wa mtoto. Eda aliyataja kwa Kikinga, nawe ukarudia kila jina kwa utii nisiowahi kuuona nyumbani. Ndipo ukungu ukashuka, nisiwaone tena. Nikatega sikio nisikie mnavyotupiana maneno. Kimya. Hivi watani hunyamaza pasipo na mtu wa kuwasikia, Baba Tumaini?

Ukungu ulipopanda, mlikuwa mmesimama mbalimbali mno. Njiani nilikuuliza, ukasema mwalimu husahihisha hata hewa. Sikuuliza tena. Ila kila uliporudi kutoka kwenu, nilinusa mashati yako kabla ya kuyaloweka.

Ulipofariki, Eda alikuja Mbagala na watani wengine. Walivaa kofia zako, wakaigiza ulivyokuwa ukibishana na wateja, waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka. Zamu yake ilipofika, alishika fimbo yako, akapiga hatua chache, akaanguka chini analia. Watu wakaanza kutazamana. Mtani halii msibani.

Nilimwendea, nikamwinamia kana kwamba nambembeleza.

"Inuka, mke mwenzangu," nikamnong'oneza. "Watoto wanatazama."

Akajifuta uso, akainuka, akaigiza kikohozi chako cha asubuhi. Watu wakacheka tena, Tumaini akacheka kuliko wote.

Lile jina nililomwita, hakulikataa.

Watoto sijawaambia, wala sitawaambia. Nisogezee nafasi hapo ulipo. Sina siku nyingi, nami nakuja na swali langu. Safari hii usinijibu kwa mzaha.

Mkeo,
Mama Tumaini