Kaka Yako Anakuja na Bunduki ya Hewa

Apozol, Zacatecas
Jumapili, 11 Novemba 2018

Mpendwa shemeji Fidencio,

Pokea salamu zangu kutoka bondeni kwetu, ambako mwezi huu hata mito ya kulalia inanuka mapera. Macho yako yanaendeleaje? Mkeo Rosaura aliniambia kwenye simu kwamba sukari imeshuka kidogo lakini jicho la kushoto sasa linaona ukungu tu, na la kulia limeanza kulifuata. Nilijikaza nisilie mpaka nilipokata simu. Naomba Mungu akubakizie hilo la kulia, akubakizie angalau mpaka umwone kaka yako.

Sisi huku tuko salama, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelala hospitali. Mama yenu, Mama Hermelinda, bado yuko kitandani, ila mdomo wake uko wima kama kawaida. Jana alinituma nimwambie kaka yako Teódulo avae fulana mbili njiani, nami nikampigia Teódulo kelele za fulana mbili mpaka jirani akaniuliza kuna nini. Unajua mambo ya nyumba yenye kiziwi. Siri hakuna.

Barua hii anakuletea mwenyewe. Ningeweza kukueleza haya yote kwa simu, lakini kwenye simu nikianza habari za safari hii sauti inanikatika, na Rosaura naye ananifuata, basi tunabaki wanawake wawili tunalipia kilio. Nimeona bora niandike. Ukiisoma, Teódulo atakuwa ameshafika, amekaa mbele yako, anakunywa kahawa, na hofu yangu yote itakuwa imepitwa na wakati. Utanicheka. Nicheke tu.

Ulipomwandikia kwamba unataka kulenga shabaha na kuona wanyama wa chuma wakianguka mara moja zaidi, mkiwa wawili kama zamani, hakulala. Alikwenda bandani akawatoa wote: kuku, nguruwe, bata mzinga na yule kondoo mliyemkata pamoja kutoka kwenye sahani ya plau ya marehemu baba yenu. Kondoo bado ana ile kutu ya mgongoni, tangu Mama Hermelinda alipombeba kanisani siku ya kubariki mifugo na padri akammwagia maji bila kuuliza. Aliwapaka rangi upya, akawapanga ukutani, akakaa kuwatazama kama mtu aliyepata wageni.

Lakini atawapiga na nini? Bunduki yake ya zamani aliiuza alipovunjika bega la kulia, siku ile ngazi ilipomwangusha kwenye mpera. Bega liliunga vibaya. Kitu kizito hawezi kukishika juu, na kitu chenye teke hawezi kabisa. Tukakubaliana iwe bunduki ya hewa, nyepesi na fupi, ya kufunguka vipande viwili ikaingia kwenye begi, maana kutoka hapa hadi kwenu Navojoa, Sonora, ni basi juu ya basi.

Nilikwenda naye Guadalajara kuichagua, kwa sababu ukimwacha peke yake dukani anaitikia kila anachoambiwa. Muuzaji alitoa kwanza ile ya springi. Teódulo akaijaribu mara moja, akauma meno, akairudisha mezani taratibu. Akatoa nyingine ya vichupa vya gesi, nami nikauliza kama vichupa vitapanda basi katika joto la Sinaloa. Muuzaji akatazama dari. Ndipo akatoa kitu kifupi, cheusi tii, chenye mikono na vishikio kila upande, na shemeji, uso wa kaka yako ukawaka kama wa mtoto.

"Hii!" akasema, kwa ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Nikamshika kidevu, nikamgeuza anitazame mdomo. "Hii ni ya jeshini. Wanajeshi njiani watakupiga risasi kabla hujashuka kwenye ngazi ya basi."

"Ni ya hewa, Amparo!"

"Wao watajuaje? Utawapulizia?"

Watu dukani walicheka, na yeye alipoona wanacheka akacheka pia. Mimi sikucheka. Tuliondoka na ya mbao ya mkangazi, yenye tangi dogo la kujazwa hewa kwa pampu ya mkono. Mtutu wake unafunguliwa kwa skrubu moja, na ikikaa kwenye begi haizidi urefu wa mkono wangu. Ni nzuri, sikatai. Amekuwa akiifuta kuliko anavyojifuta yeye. Jumapili iliyopita, nyuma ya makaburi, alimwangusha nguruwe mara tatu mfululizo, akageuka kunitazama kama nimeona. Nimeona. Huo ndio mchezo pekee ambao haujamdai masikio, kwa sababu kuku wa chuma akianguka unamwona. Kwa hiyo sikuweza kumwambia asije kwako. Nisingeweza, hata kama roho yangu yote ilitaka kusema hivyo.

Sasa nikueleze kinachoninyima usingizi.

Mwezi uliopita jirani yangu Chona alikuwa anakwenda Tepic kwa bintiye, na Teódulo akaamua kumsindikiza ili aijaribu njia na begi. Nilifurahi. Niliwafungashia mapera, na kwa upumbavu wa haraka nikayatia kwenye begi lile lile, juu ya bunduki. Kufika kwenye kizuizi cha wanajeshi, abiria wote wakaambiwa washuke, kila mmoja asimame kando ya mzigo wake. Teódulo akasimama kando ya wake. Mwanajeshi akaja kwa nyuma akamuuliza begi lina nini. Kimya. Akauliza tena kwa ukali. Kimya. Akapiga kelele, na watu wakaanza kusogea pembeni, na Teódulo alipoona watu wanasogea ndipo akageuka.

Wewe ni mtoto wa bonde hili, shemeji, huhitaji kuelezwa alichofanya. Mgeni akisema nasi tusipomwelewa, tunafanya nini? Tunampa cha kula. Tumelelewa hivyo, na tangu fataki za sikukuu ya Mtakatifu Fransisko zimle masikio, Teódulo anafanya hivyo kwa kila mtu: padri, daktari, mtu wa kusoma mita ya umeme. Alimwona kijana wa watu ana jasho usoni, akamtabasamia, akainama, akafungua zipu na kutia mkono ndani ya begi.

Chona anasema alisikia vyuma vikilia, wanajeshi wakikoki, tena si bunduki moja. Yeye mwenyewe hajui alirukaje. Alijikuta katikati amenyoosha mikono, anapayuka, "Haskii! Huyu mzee haskii, jamani! Anatoa mapera! Mapera!"

Na mkono ukatoka na pera.

Walipekua begi, wakaikuta bunduki, wakaona tangi halina hewa na stakabadhi ya duka ipo, wakawaachia. Chona anasema yule kijana alikuwa anatetemeka kuliko yeye. Kaka yako alirudi nyumbani ananilalamikia kwamba wanajeshi wa siku hizi hawana adabu, umempa mtu tunda hata asante hasemi. Hakuwa amejua lolote. Chona ndiye aliyemweleza, uso kwa uso, polepole, hapa hapa jikoni kwangu. Akaenda kumwagilia miche ambayo ilikuwa imeshamwagiliwa.

Tangu siku hiyo nimejaribu kila kitu. Kwanza nilificha bunduki katikati ya maboksi ya tamali za unga wa mahindi nilizowapikia, nikaifunga kwa majani ya mahindi kama tamali kubwa. Aliigundua mara moja, maana anaitafuta kila asubuhi kama mtu anavyotafuta miwani. Akanifokea mpaka Mama Hermelinda akagonga ukuta.

"Ukiificha ndipo inakuwa bunduki, Amparo! Ikiwa wazi ni mchezo!"

Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Basi sasa imefungashwa inavyotakiwa. Kitako upande huu, mtutu upande huu, vijirisasi kwenye kopo lake peke yake, wanyama wa chuma chini kabisa, stakabadhi mfukoni mwa begi. Hewa yote ameitoa jioni hii, ikapiga mluzi mrefu ambao niliusikia peke yangu. Pampu sikumfungashia, Rosaura amesema unayo. Mapera nimeyatia kwenye mfuko wa wavu, abebe mkononi, kila mtu ayaone. Nimemwapisha kwamba hatagusa zipu mpaka aoneshwe kwa mkono afungue. Ameapa. Lakini kuapa ni jambo moja, na mkono uliozoea kutoa ni jambo lingine, nawe unamjua.

Chona alimletea kibao cha karatasi ngumu chenye kamba, kimeandikwa MIMI NI KIZIWI. Teódulo alikisoma, akakichana vipande vinne, akamrudishia kamba.

"Kamba nzuri, usiitupe," akamwambia. "Mimi si mbuzi wa mnadani."

Ningekwenda naye mwenyewe. Usidhani sijawaza. Lakini ni nani atamgeuza Mama Hermelinda kitandani, na mapera yanaanguka kila siku. Chona miguu imevimba. Hakuna mwingine. Hivyo kesho ataondoka peke yake, atapita Nayarit yote na Sinaloa yote, na katika kila kizuizi kutakuwa na kijana mwingine mwenye joto na woga, atakayesema nyuma ya mgongo wa mume wangu neno ambalo hatalisikia. Shemeji, naogopa. Naogopa hata kufua shati lake la safari, kwamba ninalifulia nini.

Nimesimama kidogo nikampa Mama dawa. Nimerudi nikasoma nilichoandika huko juu, pale niliposema ukiisoma barua hii Teódulo atakuwa ameshafika. Nikabaki nimeshika kalamu. Kwa sababu si lazima uwe wewe wa kwanza kuitoa mfukoni mwake.

Basi nimebadilisha mawazo. Sitaitia mfukoni mwa koti lake. Nitaifunga juu ya begi kwa mpira, mgongo wa bahasha utazame nje, na huko mgongoni nitaandika maneno machache kwa yeyote atakayeliona begi kabla yako. Ataona ninayaandika. Akitaka kuichana kama alivyochana kibao cha Chona, itabidi achane na barua yako nzima pamoja nayo, na hilo sidhani atalifanya.

Akifika, mlaze upande wa dirisha, unakoingia mwanga, maana gizani hana masikio wala midomo ya kusoma, na hupata wasiwasi ingawa hasemi. Mwacheni apige nguruwe na bata mzinga. Kondoo ni wako, mpige wewe, yeye atakuelekeza mtutu kwa mkono. Ukisikia chuma kimelia, mguse goti umjulishe. Amekubali hivyo, ingawa alisema ukimkosa kondoo atawaambia watu wote wa Sonora.

Nisalimie sana Rosaura, mwambie tamali za juu ni za pilipili na za chini ni tamu. Nisalimie Práxedes na wanawe, na mjomba Gumersindo kama bado anakumbuka jina langu. Mama yenu anakutumia baraka yake. Ameichora hewani kwa kidole akiwa amelala, nami nimeahidi kuiweka hapa. Mungu awaangazie kilicho mbele yenu, awalinde na kilicho nyuma, na anirudishie mtu wangu alivyo, na ukaidi wake wote.

Ni mimi shemeji yako akupendaye sana,
Amparo

Maneno ya mgongoni mwa bahasha nayanakili hapa chini, ikiwa mpira utakatika na bahasha ikapotea njiani:

Mwanangu mwanajeshi, mwenye begi hili ni mume wangu. Hasikii kabisa. Hakudharau. Tafadhali njoo mbele yake akuone, umwoneshe kwa mkono unachotaka, atafanya. Ndani kuna bunduki ya hewa ya mchezo, haina hewa, stakabadhi ipo. Akitia mkono mahali popote anatafuta pera la kukupa. Lipokee, ni tamu, nimelichuma mwenyewe. Asipokuona, mguse bega polepole. Nawe pia una mama anayekungoja.

Teódulo alikuja akasimama nyuma yangu nikiwa bado naandika. Akasoma yote, neno kwa neno, akisogeza midomo. Nikashika bahasha kwa mikono miwili nikingoja aichane. Akaninyang'anya kalamu. Chini ya maneno yangu ameandika kwa herufi zake kubwa:

BEGA LA KUSHOTO, KIJANA. LA KULIA LINAUMA.