Mama Mbele ya Taa Nyekundu

Jumanne, 4 Machi

Taa zangu zimewaka! Nyekundu, njano, kijani, juu ya bomba katikati ya uwanja wa chuo cha udereva cha Mjomba. Zinaendeshwa na kompyuta ndogo, bodi moja tu inayoenea kiganjani. Mjomba amesema zikifanya kazi vizuri mbele ya mtahini Ijumaa, nitakuwa fundi wake. Zisipofanya, narudi kuosha magari.

Nikasimamisha programu, nikaenda chai. Kumbe pini za bodi, zile ncha zinazopeleka umeme kwenye taa, hazikuachiwa — ile ya nyekundu ilibaki na umeme. Na aliyekuwa mbele yake ni Mama, mwanafunzi mtiifu kuliko wote. Nilirudi nikamkuta palepale, mikono kwenye usukani, magari matatu nyuma yake yakipiga honi. Mjomba alimsihi dada yake apite, hii ni taa ya mazoezi tu.

"Nyekundu ni nyekundu," Mama akamjibu. "Hata kama ameiwasha mwanangu."

Nilijificha stoo.

Jumatano, 5 Machi

Kosa nimeliona. Amri ya kuachia pini niliiweka mwishoni kabisa, na programu ikikatizwa njiani haifiki mwisho. Nimeihamishia kwenye sehemu inayotekelezwa kwa vyovyote vile. Nikaikatiza kwenye nyekundu, kwenye njano, kwenye kijani — giza kila mara. Pini safi! Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Ijumaa, 7 Machi

Mtahini ana masharubu na hacheki. Mwanafunzi wa kwanza amepita vizuri. Ikafika zamu ya Mama. Mjomba, akitaka kunakili majina kwenye kompyuta yangu, akabonyeza Control na C, ambazo kwenye dirisha la programu yangu ni amri ya kukatiza — programu ikakatika. Taa zote zikazima. Pini zimeachiwa kama nilivyopanga! Nusura nipige makofi.

Ila Mama sasa yuko mbele ya taa isiyo na rangi, na hasogei.

Mtahini amenikataza kuwasha upya. Anasema hata barabarani taa huzima, na mtu husimama katikati akaongoza magari. Akauliza fundi wa taa ni nani. Vidole vyote vikanielekea mimi.

Nimeomba kwenda chooni. Ndiko ninakoandika. Filimbi ya Mjomba ya kuongozea magari ninayo. Namsikia Mama akiniita kutoka garini:

"Mwanangu, usinipitishe kwa huruma!"

Nimeipuliza kidogo humu ndani, kujaribu tu. Nje injini zote zimenyamaza. Wananisubiri mimi —