Betri ya Ondoga Iko Dirishani

Jumatano, 3 Septemba 1975

Mume wangu Ondoga ameondoka asubuhi. Amepanda lori la Santino linalokwenda Kongo kuchukua kahawa. Atashuka Aru, kisha atatafuta njia ya Bunia. Anafuata pampu ya maji ya Peugeot yetu. Hapa Koboko hakuna. Arua hakuna. Kampala wanakucheka tu, wanakwambia siku hizi hata sabuni hakuna, sembuse pampu!

Pikapu iko nyuma ya jiko, juu ya matofali.

Kaniachia betri mpya, ile ya akiba. Ile ya zamani imechoka, hata honi inalia kama mbuzi mwenye kikohozi. Anasema mpya ikikaa garini itaibwa, na isipoibwa itakufa yenyewe kwa kukaa bure. Kumbe betri hufa kwa kukaa bure! Mimi nilidhani kitu kisichotumika hakichakai.

Maagizo: isikae sakafuni, ikae juu ya ubao. Jua lisiipige. Moto usiisogelee. Maji yasishuke chini ya yale mabati ya risasi yaliyomo ndani. Kila mwezi ipelekwe kuchajiwa. Yote haya kayasema akiwa tayari juu ya lori, anapiga kelele kushinda injini. Kuhusu mimi hakuagiza kitu. Hata "jitunze" hakusema. Betri, betri!

Nimeiweka juu ya sanduku la mbao, pembeni ya dirisha la chumbani, upande wa kivuli. Nimelia kidogo. Basi.

Jumapili, 7 Septemba

Shemeji Ayiko kaja kutoka Manibe. Ndiye kaka mkubwa wa Ondoga, na baba yao alipokufa yeye ndiye anayesemea ukoo. Kala sombe yangu ya majani ya muhogo, kasifu, halafu akanyoosha miguu, akaanza. Gari lilinunuliwa kwa ng'ombe wa baba, kwa hiyo si la Ondoga peke yake. Atasubiri mpaka karibu na Krismasi. Kama wakati huo bado limelala, kuna mtu wa Arua anayenunua magari mabovu ayakate vipande. Atalichukua.

Nikasema halijafa, linasubiri pampu. Akasema, "Shemeji, motokari ya kufa haiambii mutu iko imekufa."

Mama mkwe, Mama Driwaru, hakunitetea. Alisema tu kwamba kuku wameanza kutaga kwenye kiti cha dereva, ni mayai mazuri.

Najua la kufanya. Siku Ayiko atakapoleta mtu wake, injini ingurume mbele yake. Asumani mwenye mashine ya kusaga ameniambia inawezekana: bila pampu inaweza kuwaka kidogo, mradi nizime upesi kabla haijaungua. Basi betri lazima iwe hai. Pikapu ikiuzwa, Ondoga atarudi kufanya nini? Jembe halijui. Atabaki huko huko akiendesha magari ya watu, na mimi nitabaki na mayai.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimefungua vizibo leo, nimechungulia. Maji yamepungua! Mabati karibu yatoe vichwa. Nikakimbia madukani. Maji ya betri? Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mmoja akanishauri nichote kisimani — "maji ni maji, mama."

Ningemsikiliza, ningeua! Namshukuru Mungu nilipita kwanza kwa Asumani. Ndiye anayechaji betri za watu kwa jenereta ya mashine yake. Akashika kichwa. Maji ya kisima yana chumvi, yana chuma, betri inakula sumu polepole. Inataka maji yaliyopanda kuwa mvuke, yakapoa, yakarudi kuwa maji. Maji matupu kabisa. Mambo ya kiwanda, akasema. Utayapata wapi?

Nilisimama pale nikaanza kucheka. Asumani akadhani nimepata wazimu. Mvuke! Mvuke unaopoa! Nyumbani kwetu kila Alhamisi tunafanya nini? Mama mkwe anapika enguli, pombe kali ya muhogo, nusu ya Koboko wanailewa. Chungu, mwanzi, birika la maji baridi, chupa. Kiwanda kiko jikoni kwetu!

Jumanne, 23 Septemba

Mama alikasirika kwanza. "Unapika maji ili upate maji?" Chungu chake hakijawahi kudhalilishwa hivyo. Nikamweleza ni kwa ajili ya betri ya mwanawe. Akaenda mwenyewe kukata mwanzi mpya, maana ule wa zamani umenyonya pombe miaka.

Tulisugua chungu mpaka mikono ikauma. Tukaziba kwa udongo. Tukawasha. Tone. Tone. Tone. Yanatoka maangavu, hayana harufu ya kitu.

Kamisi, fundi viatu, mteja wa Mama wa tangu zamani, alipita akaona moshi. Akadhani ni siku yake. Kabla hatujasema neno akachukua kikombe, akakinga, akapiga funda kubwa. Akasimama. Akatazama ndani ya kikombe. "Mama Driwaru," akasema, "leo umetuibia kabisa!" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kumwona akicheka hivyo tangu niolewe.

Chupa ya maji ya betri nimeifunga kamba nyekundu shingoni. Zile za enguli hazina.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeipeleka kuchajiwa mara ya kwanza. Nilifikiri nitaibeba kichwani, nikakumbuka asidi, nikaifunga nyuma ya baiskeli. Hata hivyo kitenge changu kimeliwa! Matundu matundu pajani. Kitenge cha harusi! Nilimtukana Ondoga njia nzima mpaka kwa Asumani, kwa Kilingala cha kwetu Kongo, watu wasielewe.

Lakini nimejifunza. Vizibo vyote vinafunguliwa kwanza. Ikishiba, kila tundu linatoa mapovu madogo, inasikika kama uji unaoanza kuchemka. Mtu asikaribie na sigara. Asumani aliwahi kuona moja ikipasuka, mwenyewe akabaki bila nyusi.

Kwenye vichwa viwili vya kufungia waya kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani. Nimeuosha kwa yale maji ya majivu tunayolainishia maharagwe. Ukatokota, ukaisha! Nikapaka grisi. Imerudi dirishani inang'aa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sina hamu ya kuandika. Anicet, yule wa kwetu anayeuza samaki wa chumvi, karudi kutoka Bunia. Kamwona Ondoga. Anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja, amekonda, anasalimia. Pampu je? Bado. Lini? Anicet hakujua.

Hilo ningelimeza. Lakini wanawake wa sokoni wameshaongeza chumvi yao. Eti dereva Bunia halali peke yake. Eti ndiyo maana amekonda. Scholastique, anayekaa meza ya pili kutoka yangu, alinisogelea akaninong'oneza nisiwe mjinga, niuze hiyo betri mapema, vijana wanaopiga santuri kwa betri wanaitafuta, kabla mwanaume hajaagiza ipelekwe kwa mwanamke mwingine.

Nimerudi nyumbani nimepita mbele ya betri kama simwoni mtu. Leo ilikuwa siku ya kuikagua. Sijaikagua. Na ife!

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeikagua. Betri ina kosa gani?

Maji yalikuwa sawa. Nimefuta vumbi.

Jumapili, 16 Novemba

Ayiko alituma mtu kutoka Manibe kuazima betri. Kuna matanga, wanataka kupiga santuri usiku mzima, watairudisha kesho. Nilikuwa natafuta maneno ya adabu. Mama akanitangulia. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema betri hiyo imelala, haiamshwi kwa ajili ya ngoma. Mtu akaondoka bila hata kunywa maji.

Huyu si yule wa mayai? Nimeona sasa, asubuhi akipita dirishani anaisalimia. Kweli! "Umeamkaje?" anaiuliza, kwa Kilugbara. Na kuku amewafukuza garini, ametandika gunia kwenye kiti.

Tukiwa tunamenya muhogo nikamuuliza, Mama, unaamini atarudi? Akasema yeye amezaa watoto, hakuzaa mwizi. Mtu asiye na nia ya kurudi haachi kitu chake kizuri nyumbani. Nimeishika hiyo. Naizungusha kichwani mpaka sasa. Ni kweli! Kama angetaka kupotea, angeipeleka betri Bunia akaiuza.

Alhamisi, 11 Desemba

Mungu wangu. Mungu wangu.

Nimetoka sokoni, nimemkuta Mama chumbani, vizibo viko wazi, chupa mkononi. Chupa haina kamba nyekundu! Chumba kizima kinanuka enguli. Nikapiga yowe. Akashtuka, akaacha kumimina. Alikuwa ameanza tundu la kwanza tu.

Hakukosea chupa. Alifanya kwa makusudi na kwa moyo mweupe! Juzi nilisema mbele yake kwamba betri imelegea kidogo, mashine ya Asumani ilikosa dizeli, haijachajiwa mwezi huu. Basi akaenda kuichukulia enguli ya kwanza, ile kali inayotoka mwanzo, ambayo hauzi, anawawekea wanaume wa nyumbani wakirudi hoi shambani. Kinywaji cha heshima. Akaipa betri ya mwanawe.

Nilisema maneno mabaya. Nilisema ameliua gari, ameuza mwanawe kwa mikono yake. Akaweka chupa chini, akatoka. Amekaa nyuma ya jiko, amegeuzia uso ukuta.

Ayiko anakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimemwomba Mama msamaha alfajiri, kwa magoti. Akasema, "Inuka, chukua baiskeli."

Tumekwenda pamoja. Yeye nyuma anashikilia betri isiyumbe, mimi nasukuma. Asumani alinusa tundu, akasema, "Hii betri iko mulevi!" Hakuna aliyecheka. Basi akafanya kazi. Ameinamisha, amemwaga lile tundu moja, amelisuuza kwa maji yetu ya mvuke, amemwaga tena, ameweka asidi kutoka kwenye mtungi wake mwenyewe. Dizeli imepatikana kidogo. Amewasha.

Matundu matano yametoa mapovu. La sita, lile la enguli, kimya. Asumani anasema tuiache, tusiikodolee macho. Mama amekataa kuondoka. Amekaa kwenye gunia la unga, anaitazama.

Jumamosi, 13 Desemba

Inachemka! La sita linachemka! Dogo dogo, kwa aibu, lakini linachemka!

Mama kacheza ngoma mbele ya mashine ya kusaga, unga mpaka kwenye nywele.

Jumamosi, 20 Desemba

Naandika nikiwa ndani ya pikapu, kiti cha abiria. Jua bado liko juu. Niandike upesi.

Ayiko kafika na mtu wake wa Arua, bwana mmoja wa shati jeupe, na vijana wa kusukuma. Kapiga bodi kofi, kapiga tairi teke. Nikasema, ngojeni. Nikaleta betri kutoka dirishani, nikaifunga mwenyewe kwa spana, petroli nilikuwa nimeomba kwa Santino. Nikakaa, nikazungusha ufunguo. Ikakohoa. Ikakohoa. Mara ya tatu — ikanguruma! Moshi! Kuku wakaruka ukuta! Nilipiga kelele peke yangu mle ndani kama mtoto. Kisha nikazima, kama Asumani alivyosema.

Nilishuka nikicheka. Ayiko hakuwa anacheka, wala hakukasirika. Bwana wa shati jeupe alikuwa amemshika mkono, anamnong'oneza, macho yanawaka. Nikaelewa. Gari bovu angelikata vipande. Gari zima analitaka zaidi! Nimelifufua ili lipate mnunuzi. Ee Yesu! Nilisahau kabisa kulifikiria hilo! Ayiko akasema, "Shemeji, asante sana, umetusaidia," na vijana wakaanza kutoa matofali.

Hapo Mama akapita katikati yao. Akafungua mlango wa dereva, akapanda, akakaa juu ya gunia lake, akafunga mlango. Ayiko akamwita Mama, Mama, kwa sauti ya upole. Akamwambia ashuke, ataaibisha ukoo. Mama akamtazama. Akaweka mkono kwenye fundo la kitenge chake, kiunoni. Hakufungua. Aliweka tu.

Hata kwetu Kongo tunajua maana yake. Mama mzazi akijivua nguo mbele ya mwanawe kwa hasira, huyo mwana amekwisha, na waliosimama karibu pia. Vijana waliangusha matofali. Bwana wa Arua tayari alikuwa barabarani, shati jeupe linapepea, haagi mtu. Ayiko amegeuza uso, ameziba macho kwa kiganja, mtu mzima na mvi zake! Sasa amekaa barazani kwetu, haondoki.

Ondoga hayupo. Pampu haipo. Tumeketi. Nimemwambia Mama ni lazima niifungue betri niirudishe ndani, isiharibike. Anasema bado. Ameshika usukani kwa mikono miwili. Ananiuliza kipi ni cha kusimamisha gari. Nimemwonyesha.

Sasa anauliza gia ya kwenda mbele ni ipi.