Pasi kumi na moja za Sleyum

Ruba, nnakuandikia hapa jikoni, wageni wameshaondoka.

Baba leo kaanza tena, mbele ya wageni, wali bado mkononi. "Kaka yako Sleyum, msimu wake wa pili wa ligi alitoa pasi kumi na moja za magoli. Wewe Loai, saba."

Saba. Na Loai mwenyewe kaumaliza msimu wake wa pili jana tu.

Loai hata hakupandisha sauti. Kasema, "Baba, marehemu alicheza misimu miwili tu. Mwakani utanilinganisha na nani?"

Utanilinganisha na nani, Ruba. Kisha kanawa, katoka. Mama kajifunika uso kwa mtandio.

Nikadhani Baba atamfuata. Hakunyanyuka. Kanigeukia mimi, kwa upole kabisa: "Muhsina, mwakani Sleyum angetoa ngapi?"